Nta ya Masikio

Kabla sijaanza, mwenye nta masikioni aitoe, maana nikishaanza sirudii.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi, na vumbi likaingia kwenye uji wa kila mtu. Wanyama wa Mwambani walibaki na chemchemi moja tu, nayo ilitoa maji kama mzee anayesimulia: kidogo, halafu inasimama kufikiria. Hayo kidogo waliyachota, wakayaweka kwenye mtungi mmoja mkubwa wa wote. Mtungi ule ulikuwa mkubwa mpaka mtoto wa tembo angeweza kuoga ndani, ingawa alikatazwa.

Mtungi ulikaa chini ya mwamba wa Simba. Simba mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, ili kila anayekuja kuchota maji amwamkie kwanza. Na juu ya mtungi, kwenye tawi, ulining'inia mzinga wa nyuki. Zamani mzinga huo ulikuwa huko porini penye miti mingi, lakini Simba aliagiza uletwe karibu.

"Sauti ya nyuki ni nzuri," alisema. "Inafanana na watu wanaonisifu kwa mbali."

Sasa, Simba alikuwa na tabia moja. Kila alfajiri alipanda mwambani akanguruma. Hakuwa na shida na mtu. Alinguruma ili jua lijue pa kuchomozea.

Alfajiri moja aliamka amekasirika, kwa sababu ameota kuna mtu amesahau jina lake. Akanguruma mngurumo ambao haujawahi kusikika. Mawe yaliteremka. Kanga mmoja alitaga yai ambalo hakuwa amelipanga. Jua lilipotoka, wanyama wakakuta mambo mawili: mtungi una ufa kuanzia shingoni mpaka kitakoni, na mzinga uko kimya.

Maji yakawa yanavuja, to, to, to. Wote wakasimama wanayatazama yanavyomezwa na vumbi.

Wa kwanza kusema alikuwa Nyegere. Nyegere ni mama mfupi, mwenye mgongo mweupe na mdomo usiojua kubembeleza.

"Ufa huo unazibwa kwa nta," alisema. "Nyuki hawapo, masega yapo. Tuyayeyushe sasa hivi, tuzibe, tukaendelee na kazi."

"Subiri kwanza," alisema Simba. "Nataka kujua kwa nini nyuki wameniondokea. Haiwezekani kiumbe akae karibu na mimi halafu aondoke kwa hiari yake."

Wakati huo Fisi alikuwa ameshaingiza kichwa kizima ndani ya mzinga.

"Fisi, unafanya nini humo?" aliuliza Simba.

"Natafuta ushahidi, mzee."

"Umeupata?"

"Mtamu."

Wakamvuta miguu akatoka, ndevu zimenata. Halafu, kama mlivyotegemea, macho yote yakamgeukia Nyegere, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba Nyegere na asali ni kama pua na kamasi.

"Msinitazame hivyo," alisema Nyegere. "Ningeingia mimi, mngekuta mzinga? Mngekuta vijiti. Mimi nina jina langu, siwezi kufanya kazi ya hovyo namna hii." Akaushusha mzinga, akaulaza chini, akachungulia mwanzo hadi mwisho. "Haya, njooni muone. Hakuna nyuki aliyekufa hata mmoja, kwa hiyo si ugonjwa. Asali ilikuwepo mpaka Fisi alipoitafutia ushahidi, kwa hiyo si njaa. Ndani ni kukavu na kusafi, hakuna siafu, hakuna funza, hakuna utando. Ila masega yamekatika huku juu yakaanguka, kama kitu kimeutikisa mzinga. Nyuki wamefungasha wakahama, na wamehama kwa sababu ya ke..."

"Samahani, Mheshimiwa," alikatiza Sungura.

Sungura muda wote alikuwa pembeni, hatazami mzinga. Alikuwa anautazama uso wa Simba, na aliuona unavyoanza kukunjamana pale Nyegere alipofika kwenye "ke". Akapiga hesabu zake haraka. Nyumbani alikuwa na mtungi wake mdogo, umetoboka kitako. Akipata nta yeye peke yake, akauziba na kuujaza chemchemini, mtungi mkubwa ukikauka, kila mtu atakuja mlangoni kwake na kikombe mkononi. Hata Simba atapiga hodi.

"Mheshimiwa, mimi mambo ya mizinga nimeyasomea," alisema. "Mzinga huu umeingiwa na funza."

"Funza gani?" aliuliza Nyegere. "Nimetazama, hakuna."

"Ni wale wasioonekana, mama. Ndiyo ubaya wao. Ukiona wameonekana, ujue umeshachelewa. Na mtu akikaa na masega yale, wanampanda mwilini taratibu mpaka kichwani, wanatokea masikioni."

Fisi aliacha kutafuna. "Na anayekula je?"

"Nani amekula?"

"Nauliza tu. Kuna jamaa yangu."

"Mwambie jamaa yako dawa yake ni jasho. Abebe gunia zito, aende mbali, watatoka wenyewe."

Uso wa Simba ulikuwa umeshakunjuka. "Kwa hiyo," alisema, "kosa si la mtu yeyote."

"Si la mtu yeyote, Mheshimiwa. Na hasa si la mtu yeyote mkubwa."

"Huyu ndiye msomi," alisema Simba. "Masega yaondolewe. Sungura, nenda ukayazike."

"Mzee, na mtungi tutauziba kwa nini?" aliuliza Nyegere.

"Kwa matope. Na wewe mwizi wa asali nyamaza, umeongea sana leo."

Fisi alibeba gunia la masega mpaka mlangoni kwa Sungura, huku analia na kujipapasa masikio kila hatua. Alipolitua, Sungura alimtazama huku na huku akamwambia, "Umepona, mjomba." Fisi akashukuru sana, akaenda kunawa kwa mchanga.

Sungura hakuzika kitu. Aliliingiza gunia shimoni, akalisukuma chini ya kitanda. Alitaka ayeyushe siku hiyohiyo, lakini akakumbuka kwamba nta ikipata moto inanukia mpaka ng'ambo, na Fisi ana pua. Akaamua kungoja siku ambayo wote watakwenda mbali kutafuta maji. Basi akawa anangoja, na wao hawaendi, kwa sababu kila siku wako pale mtungini wanabandika matope. Matope yakibandikwa asubuhi, mchana yameshakuwa uji, na maji yanavuja palepale, to, to, to.

Simba naye hakuacha kunguruma. Funza ndio waliokosa, yeye aache kwa nini?

Sasa mfikirieni Sungura na yale masikio. Sauti inayomgonga Nyegere kidogo, inamgonga Sungura mara mbili, na kila sikio lina urefu wa mwiko. Alfajiri moja alichoka. Akakata kipande cha sega, akakiminya kwa vidole kikalainika, akaziba sikio la kushoto. Akakata kingine, akaziba la kulia. Dunia ikanyamaza. Tangu siku ile akawa analala mpaka saa nne, na nta ikikauka anabandua, anakata vipande vingine.

Kumbe sega lisilo na nyuki ni kama duka lisilo na mlinzi. Nondo mmoja wa kijivu alipita, akaona shimo lina giza, lina joto, na gunia linanukia vizuri. Hakupiga hodi. Akaingia, akataga mayai yake, akaondoka zake. Mayai yakaangua. Funza wa kweli, weupe, wanene, wenye adabu zote za mezani, wakaanza kula masega usiku na mchana, kru, kru, kru, chini ya kitanda kilekile. Mtu yeyote angewasikia. Sungura alikuwa ameziba masikio.

Ufa ukazidi kupanuka. Maji yakafika mahali ambapo ukichota unachota na sauti ya mtungi. Simba akaitisha baraza.

Wote walikuja, na Sungura akaja, amevaa shati la kupigia picha. Simba alifungua baraza kwa kunguruma, kama kawaida. Wanyama wote wakajikunyata. Sungura peke yake alisimama wima, anatabasamu.

Simba akamtazama. "Sungura, umetusaidia mwanzo, tusaidie tena. Masega yale uliyazika wapi? Nyegere anataka akajaribu hivyohivyo na funza wake."

Sungura aliona mdomo wa Simba unachezacheza. Akainama kwa heshima. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza umezika wapi."

"Nyumbani hawajambo, tunashukuru."

"Wewe, unanichezea?"

"Na mama watoto pia, salamu zimefika."

Hakuna aliyewahi kumjibu Simba hivyo akabaki na shati. Simba akashuka mwambani, akamsogelea mpaka pua kwa pua, na ndipo Fisi, aliyekuwa nyuma, akanyoosha kidole.

"Mdudu," alisema.

Kwenye sikio la kushoto la Sungura kilichomoza kichwa kidogo cheupe. Funza akatazama kulia, akatazama kushoto, kama abiria aliyeshushwa stendi asiyoijua. Kwenye sikio la kulia akachomoza mwenzake. Halafu nondo mmoja akaruka kutoka kwenye kola ya shati, akaenda kutua puani kwa Simba.

"Ni wale funza wasioonekana," alisema Fisi, anarudi nyuma. "Nawaona. Alisema tukiwaona tumeshachelewa."

Nyegere alisogea, akanusa. "Hii ni nta," alisema. Akashika, akavuta. Sikio la kushoto likatoa sauti, pop.

"Mbona mnaongea kwa sauti kubwa?" aliuliza Sungura.

"Sungura," alisema Simba, "wewe ulituambia mtu akikaa na masega yale, funza wanamtokea masikioni. Fisi aliyabeba tu, wala hana funza. Sasa wewe uliyazika au uliyalalia?"

"Nilikuwa nayalinda, Mheshimiwa."

"Kwa masikio?"

Sungura akakunja sikio la kulia, akalificha nyuma ya kola.

"Mzee," alisema Nyegere, "hebu muulize aliziba masikio kwa ajili ya nini."

Sungura akajikunyata kidogo. "Baridi."

"Kwenye jua hili?" alisema Simba. "Sema."

Sungura akatazama huku, akatazama kule. Njia ya uongo ilikuwa imejaa funza, akabaki na moja tu. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Kelele zako, Mheshimiwa."

"Mimi sipigi kelele," alisema Simba. "Mimi nanguruma."

"Sawa, mzee," alisema Nyegere, "lakini nyuki hawajui tofauti."

Simba aliutazama mzinga mtupu. Akayatazama mawe yaliyoteremka. Akautazama mtungi. "Na huu pia?"

"Na huo pia, mzee. Siku moja, mngurumo mmoja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilifika kwenye 'ke' nikakatizwa."

Fisi alitumwa akalilete gunia, na kwa kuwa sasa funza walikuwa wanaonekana, hakuwaogopa tena, aliwahesabu kama kitoweo. Nusu ya masega ilikuwa imeliwa, nyingine imejaa utando na uchafu. Simba akasema hayo yamekwisha. Nyegere akasema bado. Alilifunga gunia zima na jiwe ndani yake, akalizamisha kwenye sufuria, akaomba maji.

Hapo ndipo kila mtu alipotazama miguu yake, kwa sababu maji yaliyobaki mtungini yalikuwa ni yale tu.

"Ya mwisho hayo, unapikia funza?" aliuliza Simba.

"Mzee, yakibaki mtungini yatavuja. Chagua."

Simba akachota mwenyewe kwa mkono wake, akamimina.

Moto ukawashwa. Jiwe likalikalisha gunia chini, utando na uchafu vikabaki humohumo, na nta ikapenya ikapanda juu, ya njano, inanukia. Waliposubiri ikapoa, ikaganda juu ya maji kama chapati. Nyegere akaibandua. Yale maji ya chini Fisi aliyanywa yote, akasema supu ilihitaji chumvi tu.

Mtungi uliokauka juani ukapashwa moto kidogo, nta ikalainishwa, na kazi ya kuziba akapewa Fisi. Fisi, kwa uvivu wa kuinama, akaanzia juu. Akaziba shingo vizuri sana, akateremka, na alipofika kitakoni, pale penyewe panapovuja, nta ikaisha. Lilibaki tundu la ukubwa wa kidole gumba.

Wakatazamana. Halafu, taratibu, wote wakamgeukia Sungura.

"Kuna nta ya masikio," alisema Fisi.

Ile ya kushoto Nyegere alikuwa bado nayo mkononi. Sikio la kulia nalo likatoa sauti yake, pop. Zikatosha.

Sungura alihukumiwa kubeba maji kutoka chemchemi mpaka mtungini, kuujaza kwa ajili ya wote, masikio wazi. Mzinga ulirudishwa porini. Nyegere aliusugua ndani kwa lile gunia lenye harufu ya nta, na mvua za kwanza ziliponyesha, kundi la nyuki lilipita, likanusa, likaingia. Wakamuuliza Nyegere kama safari hii atauacha. "Mwaka huu nitauacha," alisema.

Simba siku hizi akitaka kunguruma anakwenda nyuma ya kilima. Siku nyingine anasahau, anaanza palepale, mtungi unatetemeka, naye anageuza mngurumo kuwa kikohozi. Jua linachomoza vilevile.

Basi, anayemwambia mkubwa yale tu anayopenda kusikia, ajiandae kubeba maji. Mimi nimefika mtungini. Mwenye kiu achote.