Chui na Mikato ya Kiingereza

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Sinia la pilau.
Na mlaji?
Yupo, anasahihisha wenzake.

Basi Chui alikuwa na nguvu, na kana kwamba nguvu hazimtoshi, akasoma Kiingereza. Kiasi gani? Kiasi cha kujua mkato unakaa wapi. Akatoa amri: kila mnyama, kabla ya kula karamuni, aandike mchangani sentensi moja ya Kiingereza. Akikosea mkato, sahani yake ni ya Chui.

Swala akaandika. "Mkato umekosea." Nyam, nyam, Chui akala. Nungunungu akaandika. "Mkato umekosea." Nyam, nyam. Kobe akaogopa, hakuweka mkato hata mmoja. "Wewe ndiye umekosea kuliko wote." Nyam, nyam, nyam.

Nguchiro roho ilimuuma. Wanawe walikuwa wakitoka karamuni na njaa, wakilala na njaa. Mikato hakuijua, lakini Chui alimjua: sifa zilimlevya kuliko pombe.

Ikaja arusi kwa Kanga. Nguchiro akamwendea Chui, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi."

"Tumekosa mgeni rasmi, mzee. Twataka hotuba ya Kiingereza, yenye mikato tele, nasi tujifunze."

Chui akavimba kichwa. "Tele kiasi gani?"

"Kadiri ya elimu yako. Kila mkato utatua, tukupigie makofi. Ila mila unaijua, mgeni rasmi hali mpaka amalize hotuba."

"Mimi najua kila kitu."

Siku ya arusi Chui akasimama mbele, akaanza. Akafika mkato, akatua, akafumba macho kuzionja sifa. Pa pa pa! Upande huu makofi, upande ule pilau. Mkato mwingine. Pa pa pa! Pande zikabadilishana, waliopiga wakala, waliokula wakapiga.

Harufu ya pilau ikapungua. Chui akafumbua macho, akayaona masinia, akataka kukaa.

"Mzee," Nguchiro akasema kwa adabu, "sentensi haijaisha. Mwenye elimu ataiachaje katikati mbele ya wakwe?"

Wakwe wakamtazama. Chui akameza mate, akaendelea. Alipoifikia nukta, wana wa Nguchiro walikuwa wamelala, wameshiba ndi.

"Hukukosea hata mkato mmoja, mzee," Nguchiro akamwambia, akampa sinia tupu aliweke jikoni.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakayeiona nzito, amwite mwenzake waibebe wote. Na funzo lake, watoto: someni Kiingereza, kila mkato muuweke mahali pake, mtashiba. Muulizeni Chui.