Moto Ulioonekana Ng'ambo ya Korongo

Vijana wawili walitoka kuuvuka mlima kwa miguu msimu wa vuli, wakati mlima hautaki mgeni. Hawakuwa watalii. Mtalii hupanda mlima kwa sababu ana kazi na amechoka nayo. Hawa walipanda kwa sababu hawakuwa nayo. Wote wawili walikuwa na digrii, na wote wawili walikuwa wanalala kwenye kochi la shangazi. Ikasikika kwamba kampuni moja upande wa pili wa mlima inatafuta waongozaji wa wageni, na sharti ni moja: uwe umeipita njia yote kwa miguu yako, siyo kwa kusimuliwa. Experience, my people. Siku hizi hata kutembea kunataka experience.

Wakabeba unga, majani ya chai, panga, na fotokopi za vyeti ndani ya nailoni, wakaingia njiani.

Walipofika juu, kule ambako miti huisha na kubaki vichaka vilivyolowa, goti la mmoja likagoma. Mwenzake, ambaye alikuwa mwepesi wa miguu, akataka kumbebea begi, akakataliwa. Wakabishana pale pale mvuani, kila mmoja akimwita mwenzake mjinga. Mwishowe yule wa goti akasema, "Wewe tangulia kibandani uwashe moto. Nitakuja mdogo mdogo. Ila nikikuta umemaliza chai, urafiki umekufa."

"Kwa mwendo huo wako, chai utaikuta barafu."

Wakacheka. Yule mwepesi akatangulia.

Sasa, kile kibanda ni cha mabati, hakina mlinzi wala kufuli. Kina sheria moja tu, na kila apitaye njia ile anaijua: ukizichoma kuni ulizozikuta, kabla hujaondoka ukate nyingine uziache ndani zikauke, kwa ajili ya mtu usiyemjua. Hakuna faini, hakuna polisi. Ni utu tu.

Akasukuma mlango. Kuni hakuna. Jivu lipo, tena jingi. Waliotangulia walikaa wakaota vizuri. Hata vitanda vya mbao walivichanja wakavitia motoni. Na ukutani, kwa mkaa, wakaandika: God is good. Haya. Mungu ni mwema kweli, nani amebisha? Kuni ziko wapi?

Akawatukana. Mlitaka niwaambie aliimba pambio? Aliwatukana kwa Kiswahili, akaongeza kwa Kiingereza, akamalizia kwa lugha ya mama yake, ambayo ndiyo yenye matusi ya kushiba. Na hasira yake ilikuwa ya haki. Shikeni hilo, msije mkasema nimewatetea wale.

Lakini tusi haliwaki. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka korongoni, na huko nyuma kulikuwa na mtu aliyelowa, anachechemea, ambaye bila moto asingeiona asubuhi. Akachukua panga akatoka. Kila kichaka alichokikata kilitoa maji kama tambara la kudekia. Akateremka hadi njia panda, pale ambapo ukishika kulia unapanda kibandani na ukishika kushoto unateremkia korongoni. Pale palisimama kibao cha kuonyesha njia, kwenye nguzo nene ya mwerezi. Akaipiga panga kidogo. Nje maji, ndani kavu kama mfupa.

Akasita. Msidhani hakusita. Alijiambia mwenzake ana macho, ana akili, na njia iko wazi. Alijiambia kesho atachonga nguzo nyingine. Alijiambia moto wenyewe si wake, ni wa mwenzake, na hapo hakudanganya. Ndugu zangu, dhambi ya chuki tunaijua kwa harufu. Nani atatuonya juu ya dhambi tunayoifanya kwa upendo?

Akaing'oa, akaibeba, akaipasua. Akawashia fotokopi ya digrii yake, na ilikuwa mara ya kwanza karatasi ile kumpa mtu joto. Moto ukashika ukanguruma. Akaacha mlango wazi ili mwanga utoke nje, akateleka chai, akangoja. Ukungu ukafunga. Akatoka kuita mara nyingi, sauti ikazama humo humo. Chai ikachemka mpaka ikakauka.

Kulipopambazuka alikwenda hadi njia panda. Nyayo zilikuwa pale matopeni, zimezunguka zunguka, kisha zikashika kushoto. Akazifuata mbio. Akamkuta mwenzake ng'ambo ya korongo, ameegemea mwamba, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuwa anatetemeka tena. Na mtu wa baridi akiacha kutetemeka, mjue baridi imeshinda.

"Ukungu ulipopasuka niliuona moto wako," mwenzake akasema taratibu. "Nikasema, jamaa amefika. Niliutazama usiku wote."

"Mbona hukuja, ndugu yangu?"

"Nilishalivuka korongo, ningerudije na goti hili? Pale njia panda palikuwa na shimo tu. Ni nani hao waliong'oa kibao?"

Yule mwepesi alikuwa ananuka moshi wa mwerezi toka kichwani hadi viatuni. Akafungua kinywa, na jibu likatoka lenyewe, kwa sababu alikuwa amelifanyia mazoezi tangu jana jioni.

"Wale waliotutangulia. Walimaliza kuni, wakamaliza na kibao."

Mwenzake akasema, "Basi, Mungu awasamehe. Labda nao walikuwa na baridi."

Yule mwepesi akambeba mgongoni kuteremka. Hawakufika mbali kabla mzigo haujawa mzito kwa namna nyingine.

Sasa mnaniangalia hivyo kwa nini? Mnamlilia marehemu? Mimi namlilia aliyebaki. Msamaha ulitamkwa, mbele ya uso wake, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuutoa. Naye aliyebaki alikuwa ameshausukuma kwa watu ambao hawakuwapo. Atauomba kwa nani tena?

Sisi tunapenda sana neno "wao". Wao walikula nchi. Wao walizimaliza kazi, wakajazana ofisini na watoto wa dada zao, wakatuachia jivu na mstari wa Biblia ukutani. Ni kweli! Walikula, na waliandika, na siwafutii hata herufi. Lakini wewe uliyekuja hapa na hasira yako iliyopigwa pasi, mdogo wako aliyekuwa anakuja nyuma yako alikuta nini njia panda? Ulimpeleka kwa yule wakala wa kazi za nje huku ukijua ni mwongo, because na wewe ulikuwa na njaa? Ulimuuzia mtihani wa kuiba? Ukamwambia shule ni upuuzi, akakuamini, akashika kushoto? Na alipokuuliza nani amemharibia maisha, ukamjibu nini? "Ni hii serikali, bro."

Yupo anayelala njaa ng'ambo ya pili akiutazama moto wako, akikupongeza.

Nenda kwake leo. Na akisema "Mungu awasamehe", usiitikie amina. Mwambie ni mimi. Mwambie wakati angali anapumua.