Kiganja Kitupu cha Hidaya

Ukimfunga mtoto mdomo, umemfungulia mwizi mlango. Mmeisikia sokoni, wanangu, mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Ilianzia Korogwe, siku ya Idd pili, na mwanzo wake ni uvumi.

Mwajabu, fundi cherehani, aliupata uvumi huo bombani kwa jirani yake Bi Fatna.

"Yule baunsa wa Baa ya Tulia, wanayemwita Tingatinga, anaiba watoto. Akishajua jina lako tu, basi."

"Kamwiba nani?"

"Wanasema."

Mwajabu alijua kuwa "wanasema" si mtu. Hata hivyo neno lile lilimganda kama kupe. Alishona nalo, akalala nalo, akaamka nalo.

Idd pili ilipofika, ile baa ilifungia pombe stoo, ikapiga disko toto mchana. Hidaya, bintiye wa miaka saba, alilia mpaka macho yakavimba, maana wenzake wote wanakwenda. Mwajabu akashindwa. Akamvisha gauni jipya na hereni za dhahabu za marehemu bibi yake, akamwinamia.

"Yule mtu mkubwa wa mlangoni akikuuliza neno, usimjibu. Hata moja! Mbele yake funga mdomo."

Wali ulikuwa jikoni na wageni walikuwa njiani. Alilipa kiingilio dirishani, akamwacha mtoto kwenye foleni, akarudi mbio.

Tingatinga, ambaye jina lake hasa ni Semboja, alikuwa na utaratibu wake. Mtoto aliyekuja bila mkubwa alimwuliza nani atamfuata, akaliandika jina hilo kiganjani mwa mtoto kwa kalamu. Wakati wa kutoka, mkubwa hutaja jina lake, kiganja kikasomwa. Semboja alimwuliza Hidaya mara tatu. Kimya. Foleni ikasukuma, akamwingiza na kiganja kitupu.

Saa kumi na moja, mtu mmoja mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri alifika mlangoni akitokea ndani, amemshika Hidaya mkono.

"Jina lako, kaka?"

"Mimi mjomba wake. Kiganja chake hakina kitu, utasoma nini?"

Semboja akachuchumaa. "Binti, huyu mjomba wako?"

Hidaya akabana midomo. Machozi yakamlenga, neno hakutoa.

"Ana haya huyu," yule mtu akasema. "Kwetu wote ndivyo tulivyo."

Wazazi nyuma wakaguna. "We Tingatinga, tupishe! Kifua chote hicho cha kuzuia vitoto?"

"Mtoto asiyesema hatoki," Semboja akajibu, akamkalisha kwenye kreti la soda ubavuni pake. "Mjomba, ngoja hapo mama yake aje."

Mjomba akasema anakwenda kuegesha pikipiki yake vizuri. Hajarudi mpaka leo.

Mwajabu alipotokea, alichoona ni mwanawe kakaa miguuni pa mtu yuleyule.

"Mwizi! Mwizi wa watoto!"

Watu wakajaa. Semboja hakupandisha sauti. "Binti, na huyu je, ni nani?"

Hidaya akamtazama mama, akamtazama baunsa, akabana midomo vilevile.

"Hidaya! Si mimi?"

Kimya.

"Basi, dada, na wewe subiri."

"Huyu naye kamtoa wapi mtoto?" mtu akanong'ona, akimtazama Mwajabu. Mwajabu akapiga magoti vumbini.

"Sema, mwanangu. Nimekuruhusu. Sema."

"Mama," Hidaya akasema, kisha yote yakamwagika. "Si ulisema nisiongee mbele yake? Yule mjomba simjui. Anasema tukifika nje atanivua hereni azisafishe."

Semboja akafuta jasho. "Dada yangu, mlango naushika mimi. Mdomo wa mtoto umeufunga wewe."

Kauli hiyo ilifika sokoni kabla ya magharibi, na watu wa sokoni wakaifupisha mpaka ikawa hii mnayoisikia.

Basi, mwenye mtoto aepuke haya:

Kumvisha mtoto dhahabu akamwacha peke yake.

Kuondoka mlangoni bila kuonana na mlinzi uso kwa uso.

Kumtisha mtoto kwa mtu ambaye kazi yake ni kumlinda.

Kumfundisha kunyamaza bila kumfundisha kupiga kelele.

Kuteka maji bombani akarudi na "wanasema" kichwani.

Ukimfunga mtoto mdomo, umemfungulia mwizi mlango.