Kiti cha Kuzunguka na Konzi Tano za Chumvi

Hapo zamani, na kwa usahihi zaidi Jumatatu tarehe 4 Machi 1963, chumvi ya kiwanda cha Ngwede ilitoka kijani. Maji ya chumvi yalikuwa yakiyala mabomba mapya ya shaba, na wateja wakagoma. Meneja akatangaza: "Atakayenipimia jinsi ioni za shaba zinavyoshikana na ioni za kloridi humo majini, nitampa kiti changu cha kuzunguka."

Bi Mwanaidi, mpimaji wa maabara, alisikia magoti yake yakipiga vigelegele. Tangu tarehe 10 Julai 1944 alikuwa akifanya kazi wima kama mlingoti.

Akayeyusha mrututu, unga wenye shaba ndani yake, katika maji yasiyo na chumvi, yakawa buluu. Akayapima kwa kipima rangi, akaandika. Mara akaingia Bwana Kilindo, mwonjaji mkuu. Desturi ya Ngwede ni kwamba mwonjaji hapiti chombo asichokionja. Akachovya kidole, akaonja, akatema dirishani.

"Haijakolea!" Akatupia konzi ya chumvi.

Maji yakaanza kugeuka kijani.

"Kilindo! Umeniharibia!"

"Nimekukolezea, dada. Ina ladha ya misumari, lakini imekolea."

Bi Mwanaidi akayatazama kwa karibu. Kumbe ndio ukijani ule ule wa kiwandani: shaba imekumbatiana na kloridi ya chumvi!

"Tupia nyingine!"

Zikatimia konzi tano, na baada ya kila moja rangi ikapimwa. Lakini konzi moja ni gramu ngapi? Bila hilo hesabu haisimami.

Mtunza ghala, Mzee Ngoda, akachungulia mlangoni. "Konzi ya Kilindo naipima kila Januari tangu mwaka 1951. Gramu tisini na mbili, haijapungua punje."

Hesabu ikakamilika, ugomvi ukaanza.

"Kiti changu," alisema Kilindo. "Nisingekoleza, mngetazama buluu hadi Idi. Na ulimi wangu bado kijani!"

"Changu," alisema Ngoda. "Bila gramu zangu, hizo ni konzi tu."

"Changu!" alisema Bi Mwanaidi. "Mmoja alikuja kulamba, mwingine alikuwa akipita. Niliyepima ni mimi, na magoti haya yamesimama wima miaka kumi na minane, miezi saba na siku ishirini na mbili!"

Meneja akaomba muda wa kutafakari. Na ili atafakari vizuri, akakikalia kiti mwenyewe, akawa anazunguka taratibu kuwatazama. Bi Mwanaidi akasubiri kwa mguu mmoja, kama korongo, akiupumzisha wa pili.

Haya, ninyi mlioketi mkinisikiliza, waamueni kabla Bi Mwanaidi hajabadilisha mguu: mkono uliokoleza, jicho lililopima, au mizani iliyokumbuka? Je, nani alikistahili kiti?