Nafasi Kati ya "Bi" na "Gonah"

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2003, baharia wa Kiajemi aitwaye Bahram Dashti Bushehri aliuawa na umati wa watu sokoni Tanga, kwa wizi wa simu ambayo jioni ile ile ilionekana chini ya meza ya mwenye simu. Alipokuwa akipigwa alirudia neno moja tu: "Bi-gonah." Kwa Kiajemi, maana yake ni asiye na hatia. Waliosikia "Bi" walidhani anamwita mwanamke. "Huyo Bi Gona wake ndiye aliyetoroka na simu," wakacheka, wakazidisha kipigo.

Mjini humo walikuwamo watu watatu wenye vipaji. Mwalimu Akberali Nanji alikijua Kiajemi, kwani alikisoma huko huko Uajemi ujanani. Mwanahawa Shebuge alipiga chapa katika kompyuta, na herufi za Kiarabu, ambazo Kiajemi huandikwa kwazo, alizijua tangu chuo cha Kurani. Fundi Kombo Mtengeti alichonga mawe ya makaburi, na maandishi yake hayakufutwa na mvua.

Februari 2004 akaja mama wa marehemu, Bibi Mahlagha. Alitaka jiwe liandikwe jina la mwanawe, na baada yake lile neno, bi-gonah. Kidoleni alivaa pete ya feruzi ya marehemu. Akasema kwa kinywa cha Mwalimu: "Hii ni ya atakayemwondolea mwanangu hatia."

Mwanahawa akapiga chapa. Mkono wake, uliozoea kuandika Bi Fulani na Bi Fulani, ukaacha nafasi. Kompyuta ilipoiona nafasi ikaukata mstari hapo: "bi" ikabaki juu pamoja na jina, "gonah" ikashuka chini peke yake. Mama akaweka kidole juu ya karatasi, kisha akaketi sakafuni.

"Mstari wa chini unasema 'hatia', binti yangu," Mwalimu akamwambia.

"Basi niyaunganishe, Mwalimu?"

"La. Herufi zisishikane, wala zisiachane. Wenyewe huiita nusu-nafasi."

Mwanahawa alihangaika na vitufe mchana kutwa, hata akavigundua vile vya kubonyezwa kwa pamoja. Yale mafungu mawili ya herufi yakasimama kama ndugu wasiosemezana lakini hawahami nyumba. Tangu hapo, kila alipoyasukuma kwenye mstari mwingine, yalikwenda pamoja.

Kombo alikwisha kuchonga kwa karatasi ile ya kwanza. Hakubishana, alilivunja jiwe lake kwa nyundo, akaleta jingine, na ule mwanya mwembamba akauchonga kwa tindo ndogo kuliko zote.

Makaburini, Mama alisoma, akavua pete, akauliza ni ya nani.

"Aliyeijua nusu-nafasi ni mimi," akasema Mwalimu.

"Uliijua hata siku ile," akajibu Kombo. "Dirisha lako liko juu ya soko. Ulisikia, ukaelewa, ukafunga."

"Na aliyewatafsiria watu kwamba anamwita mwanamke ni nani, Fundi? Si wewe?"

Mwanahawa alikuwa akikitazama kidole chake, kilichofanya katika kompyuta kosa lile lile lililofanywa na sikio la Kombo sokoni: kulikata neno.

Mama akauliza wanasema nini. Aliyeweza kumjibu kwa lugha yake ni Mwalimu peke yake, na Mwalimu akainamisha kichwa. Mama akawatazama mmoja mmoja, akaiweka pete juu ya jiwe, akaenda zake. Pete haigawanyiki, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Je, msikilizaji, ungempa nani: aliyelijua neno, aliyeliandika, au aliyelichonga? Na kosa la kila mmoja ungelipima kwa mizani ipi?

Ila kabla hujaamua, sahihisha jambo moja. Sokoni wangali wanasimulia kwamba yule baharia alikufa akimwita mkewe, Bi Gona. Mwanamke huyo hakuwapo. Lilikuwa neno moja.