Fisi Mlanguzi wa Kadi

Hadithi, hadithi, tangu jua halijachwa! Mikono yangu imo kwenye kunde, na hakuna hata mmoja wenu anayenichambulia punje. Haya, kaeni. Lakini atakayeuliza kwa nini wanyama wanacheza kadi atakwenda kulala. Wanacheza kwa sababu nimesema wanacheza.

Mwaka huo mvua ilikataa. Kisima cha Simba ndicho pekee kilichobaki na maji, na kila asubuhi ilikuwa vita: Nyati anamkanyaga Ngiri, Ngiri anamtoboa Pundamilia, damu inaingia majini. Simba akaudhika. Si kwamba aliwahurumia. Yule hamhurumii mtu. Aliudhika kwa sababu maji yakichafuka haoni uso wake vizuri, na uso wake ndio kitu alichokipenda kuliko vyote.

"Kuanzia leo mtacheza kadi," akanguruma. "Mwenye picha ya mnyama mkubwa anakunywa kwanza. Asiye na kadi anakunywa wa mwisho."

Wa mwisho, maana yake tope.

Kadi alizitengeneza Kobe. Tangu zamani alichora wanyama kwenye vipande vya gome, akavifunga vitano vitano kwa jani la mgomba, na jani akalipaka utomvu mchungu likakauka kama ngozi. Watoto walizipenda mno. Hujui umepata nini mpaka ufungue: pengine panya wanne na chura, pengine Tembo. Na mara mojamoja, kwa bahati, Simba mwenyewe mwenye manyoya mekundu. Walibadilishana, wakagombana, wakanuniana, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Sasa zikawa kiu na uhai. Kadi ikishachezwa kisimani haichezwi tena, kwa hiyo kila mwezi ulipoandama kila nyumba ilikwenda kwa Kobe na kibaba cha karanga, ikapewa pakiti moja. Moja tu. Na ziliwatosha.

Ziliwatosha mpaka Fisi alipofikiri. Fisi hafikiri mara nyingi, lakini akifikiri, ni tumbo linalofikiri.

Mwezi ulipoandama akawa wa kwanza kwenye foleni. Akachukua pakiti yake. Akajipaka majivu, akarudi. "Mimi ni shemeji yake Fisi." Akajifunga majani ya boga kichwani, akarudi tena. "Mimi ni bibi yake Fisi."

Kobe akakaza macho yake mabovu. "Ukoo wenu mkubwa, bibi."

"Tumebarikiwa," akajibu bibi kwa sauti nzito.

Jua lilipopanda kapu la Kobe lilikuwa tupu, na Fisi ameketi kando ya njia, pakiti zimepangwa mbele yake kama nyanya za sokoni. Digidigi akafika, mtoto wake akijikokota nyuma.

"Bwana Fisi, nasikia unazo."

"Ninazo, mama. Pakiti moja, kapu zima la karanga."

"Kapu! Kwa Kobe ni kibaba!"

"Basi nenda kwa Kobe."

"Kwa Kobe zimekwisha."

"Umeona? Kwangu zipo. Hiyo ni huduma, mama, na huduma si bure."

"Mwanangu anaharisha, baba. Tope linamuua."

"Pole sana. Kwa ajili yako nitapunguza. Karanga nachukua zote, lakini kapu nakurudishia."

Akacheka kile kicheko chake. Fisi hakuona ubaya wowote. Alijiona mchapakazi. Kwani hakuamka mapema? Kwani kujipaka majivu si kazi?

Sungura alikuwa akisikiliza nyuma ya kichaka. Jioni akamfuata Fisi pangoni, akaokota pakiti, akainusa, akatikisa kichwa.

"Kaka, hizi unaziuza kweli?"

"Nauza."

"Masikini."

"Masikini nani?"

"Wewe. Simba anaitafuta picha yake, lakini anaitaka ndani ya pakiti iliyofungwa, aifungue mwenyewe, isiwe imepapaswa na kucha za watu. Na wewe unawapa akina Digidigi kwa karanga! Simba angekupa nyati."

"Paja?"

"Mzima."

Mate yakamdondoka Fisi mpaka kifuani.

"Tena unazilaza vibaya," Sungura akaendelea. "Pango lina unyevu. Pembe za kadi zikijikunja, hata Chura hazitaki. Zinahitaji mahali pakavu, penye giza, mwizi asipopenda kutia mkono. Kama kile kichuguu kando ya mgunga."

Mtoto yeyote angeuliza: kichuguu kina nani ndani? Fisi alisikia neno nyati, masikio yakaziba hapohapo. Akazifukia pakiti zote kichuguuni. Digidigi alipokuja na kapu lililojaa, karanga za kukopa kwa majirani, mtoto amembeba mgongoni kwa sababu sasa hatembei, Fisi hakuinua hata kichwa.

"Siuzi tena, mama. Njia ile pale."

Sungura naye alikuwa amepita kwa Kobe. Mwezi ulipoandama tena, Kobe akakaa na mwiba mrefu mkononi.

"Kila anayenunua, pakiti yake naichana hapahapa mbele yake," akasema.

Fisi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ukizichana unaziua thamani!"

"Thamani gani, bibi?" akauliza Kobe. "Kadi ni ya kuchezwa."

Fisi akaondoka kwa dharau, akawaachia foleni. Kila nyumba ikapata pakiti. Digidigi akapata vyura watatu, Pundamilia, na Tembo. Siku ya Tembo mtoto wake alikunywa maji mpaka tumbo likalia ngo, na keshoye akasimama.

Na Fisi? Hakuwa tayari kufungua hata moja. Akanywa wa mwisho. Akalamba tope, akacheka peke yake: sasa za kwake ndizo pekee duniani zilizofungwa! Midomo ikapasuka, macho yakaingia ndani, akaendelea kucheka. Kiu ilipomshinda akaenda kwa Simba.

Wakaja wanyama wote kichuguuni, Simba mbele, manyoya yamechanwa vizuri.

"Mfalme," Fisi akatangaza, "uso wako umo humu. Kama haumo, nitozwe utakalo."

Akazifukua. Zilikuwa nzito, jani limekaza vizuri kama ngozi. Mchwa walitoboa kwa chini, utomvu mchungu wakaukwepa, wakala gome lote, na kila walipokula wakajaza udongo, kama kawaida yao. Simba akachana ya kwanza. Udongo ukamwagika miguuni pake. Ya pili, udongo. Katika ya tatu kilibaki kipande: manyoya mekundu pande zote, na katikati, palipokuwa na uso, tundu. Mchwa mmoja akachungulia kupitia hilo tundu.

Ngiri akapasuka kicheko.

"Uso wangu uko wapi?" akauliza Simba, taratibu.

"Labda... kwenye pakiti nyingine, mfalme."

Sungura alikuwa akikagua kucha zake.

Simba angemla, lakini nyama ya Fisi hata Simba haitaki. "Ulisema utozwe nitakalo," akasema. "Kila uliyemnywesha tope utampelekea maji mlangoni kwake, kwa mgongo wako, mpaka mvua inyeshe. Anza kwa Digidigi." Wala si huruma, nawaambia. Alitaka kila nyumba imwone.

Mvua haikuwa na haraka. Fisi akapanda na kushuka na mitungi imemwegemea kiunoni, na kila alipofika Digidigi alimwambia, "Weka hapo, bwana. Mtungi nakurudishia." Mitungi ikavuta, ikavuta. Mvua iliponyesha akaitua, akajaribu kujinyoosha, mgongo ukakataa. Ndio ule mnaouona hadi leo, mbele umesimama, nyuma umechuchumaa. Karanga alizirudisha zote, lakini hizo si kitu. Alicholipa Fisi ni kiuno.