Doto Aliyebaki Gandani

Liweke yai hilo kitambaani, Minza mjukuu wangu. Umelimulika juani, umeona viini viwili, umefurahi. Lakini hatuliweki chini ya kuku, na leo nitakueleza kwa nini.

Palikuwa na wakati ambapo kila yai lilitoa vifaranga wawili, Kulwa na Doto, kama tunavyowaita mapacha wetu. Kulwa alidonoa ganda asubuhi, akatoka. Doto alibaki ndani, mwembamba kama utando, jicho lisimwone, mpaka jua lilipotua. Ndipo naye akapata mwili, akatoka. Kwa hiyo maganda hayakutupwa siku ileile. Yaliwekwa kwenye ungo, juu ya pumba, yakangoja.

Mwanamke mmoja, Nyamizi, alikuwa na kuku mmoja tu. Siku mayai yake kumi yalipoanguliwa, wageni wa posa ya binti yake walikuwa njiani. Alifagia kwa pupa, akayazoa na maganda.

"Nyamizi, hayo yangoje," mama mkwe wake alimwambia.

"Wageni waje wakute uchafu, mama? Na midomo ile waliyo nayo! Tazama, si matupu haya?"

Akayatia mekoni.

Moto ulilia. Haukulia kwa mlio wa kuni. Ulilia kwa sauti ndogondogo, kumi, kisha tisa, kisha nane. Nyamizi alimwaga maji, akafukua majivu kwa mikono mitupu, akaungua. Hakukuta kitu. Sauti ya mwisho ikasema, "Mwambieni asinisubiri."

Uani, vifaranga kumi waligeuka kwa pamoja, wakatazama meko. Hawakudonoa punje. Hawakumfuata mama yao. Walisimama hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafunika, kisha wakaanza kuita.

Na tangu siku hiyo, yai hutoa mmoja. Kifaranga hulia hata akiwa chini ya bawa, ameshiba, ana joto, kwa sababu hamwiti mama. Na kuku huyageuza mayai yake huku ameinamisha kichwa, akisikiliza kama yupo wa pili.

Mara chache Doto hujaribu kurudi, kama katika yai lako. Ganda hupata ufa, mwanga huingia. Yeye hudhani ni moto ule, humkumbatia nduguye, humvuta ndani. Nimewahi kuwafungua. Walikuwa wameshikana hivyo, wote wawili, baridi.

Lipeleke kwenye ungo, Minza, mbali na meko. Ukisikia kitu humo, usijibu. Doto atadhani wewe ni mwenzake.